Prosesa ya Nyuma ya Pazia

Mwanaisha alinipigia simu siku ya nne baada ya kumzika mamake, Bi Saada. Hakulia, wala mimi sikulia. Tulishapita umri wa kuliliana kwenye simu. Aliniambia kwamba marehemu ameacha maneno matatu: kitanda chake apewe jirani, hitima yake isifanywe kubwa, na zile kanda za harusi zichomwe zote, na Kadzo awepo zikichomwa. Kadzo ni mimi. Nilimwuliza kama hilo la tatu amelisikia vizuri, maana mimi na Bi Saada tulikuwa hatujaonana karibu miaka thelathini. Akasema mama yake alilirudia mara mbili, na mtu aliye katika hali ile harudii jambo la mzaha. Basi nikapanda basi la asubuhi kutoka Nairobi, nikakaa dirishani kutwa nzima, na njiani nikagundua kwamba ule mwaka niliofanya kazi kwake, ambao nilidhani nimeusahau, niliukumbuka chumba kwa chumba na sahani kwa sahani. Mtu huweza kusahau miaka kumi ya mshahara mzuri na akakumbuka mwaka mmoja wa mbaazi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye cheti cha kompyuta cha miezi sita, na chumba cha kupanga Bombolulu ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Bi Saada alikaa Kisauni, mwendo wa nusu saa kwa miguu, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza mbele. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, upande wa wanawake peke yake. Asiyezijua harusi za pwani aweza kudhani hilo ni jambo dogo. Siku ya kupamba wanawake hukaa wenyewe kwa wenyewe. Mabuibui huvuliwa yakarundikwa kitandani, na yule jirani uliyemzoea kwa macho yake mawili tu unamwona na nywele zake, dhahabu zake na kiuno chake, akicheza kama anayedai haki yake. Kanda ya siku hiyo ni amana. Mwanamume haioni, hata bwana harusi mwenyewe, kwa sababu ndani yake wamo wake za watu. Bi Saada alikuwa na kamera moja kubwa ya begani, na jina lake Kisauni lilisimama juu ya jambo hilo moja: kwamba alichokiona yeye hakikuonwa na mwingine.

Tulifanya kazi katika chumba cha ndani. Palikuwa na televisheni, deki mbili za video zilizowekwa moja juu ya nyingine, feni ya mezani iliyokuwa ikigeuka upande mmoja tu, na kabati la kanda ambalo ufunguo wake Bi Saada aliufunga kwenye ncha ya leso. Mlango haukuwa na ubao. Ulikuwa na pazia la kijani zito, na nyuma ya pazia ukumbi, na baada ya ukumbi baraza. Chumba kilinuka udi na vumbi lililopata moto. Saa tatu asubuhi tulikula mahamri na mbaazi za nazi, na adhuhuri alichopika yeye. Ila Jumatatu ilikuwa zamu yangu, kwa sababu nilitoka kwetu Utange na fungu la mtsunga, yale majani machungu yetu. Bi Saada alinitania kwamba sisi Wagiriama tunachunga mbuzi kisha tunawanyang'anya chakula chao. Kisha akala sahani nzima na kuuliza kama limebaki fungu jingine. Mimi nilikuwa Mkristo, mgeni wa nyumba zile na mgeni wa siri zile, na baada ya mwezi mmoja tu alinifungulia kabati na kuniachia ufunguo akaenda kuswali. Hakuniapisha kwa kitabu chochote. Nadhani kama angeniapisha, ningekuwa mlegevu zaidi.

Kompyuta ililetwa na jambo lililotokea kabla yangu. Zamani, kanda ikishakuwa tayari, Bi Saada aliipeleka kwenye duka moja la mjini, kule kisiwani, ili iwekwe maandishi ya mwanzo, jina la bibi harusi na tarehe. Wenye duka walikuwa wanaume, lakini walipewa dakika mbili za mwanzo tu, zisizo na mtu. Siku moja ilipelekwa kanda isiyokatwa, kwa haraka za watu. Kabla hata kanda haijarudi Kisauni, maneno yalishafika: kijana wa duka amesimulia mkahawani jinsi shangazi wa bibi harusi alivyocheza. Bi Saada alikwenda kwenye nyumba ile, akakaa mkekani, akaomba radhi kwa yule shangazi mbele ya watu wa nyumbani, na akasamehewa. Lakini yule shangazi hakucheza tena harusi yoyote. Aliketi ukutani na mkoba wake mapajani, miaka na miaka, na Bi Saada kila alipoinua kamera alimwona. Nilimwona mimi pia. Ndipo akaapa kwamba hakuna kanda, wala kipande cha kanda, kitakachotoka tena chumbani mwake, na maandishi tutayafanya wenyewe. Akauza kamera ya akiba, akanitafuta mimi.

Fundi wa kutuchagulia mashine alikuwa Sudi. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na msikiti, na siku za kazi alizungukia kompyuta za ofisi za mizigo kule Changamwe. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye kikohozi cha kujulisha kwamba amefika. Alikaa barazani, sisi tukakaa ndani, na pazia katikati, kwa sababu siku hiyo tulikuwa na kanda kwenye deki na Bi Saada hakutaka hata kuizima kwa haraka. Alisema ziko mashine mbili anazoweza kupata. Zote mbili zilikuwa na prosesa, ule ubongo wa mashine, za ukoo mmoja, 486, lakini moja ilikuwa SX ya mwendo wa thelathini na tatu, na nyingine DX ya mwendo wa ishirini na tano. Bei zilikaribiana. Kisha akauliza swali ambalo fundi yeyote mwenye akili angeuliza.

"Na kazi yenyewe ni ya namna gani, Bi Saada?"

Bi Saada akanitazama mimi. Nilijua anachokitazama. Nikajibu kwa sauti ya kupita pazia, "Ni kuandika majina."

"Majina tu?"

"Majina tu, fundi."

Akakohoa, kisha akasema kwamba kwa majina tu hiyo SX itatutosha, tena ina mwendo mkubwa zaidi. Bi Saada aliniuliza kwa kunong'ona nionavyo mimi. Nilimwambia mtu huachaje thelathini na tatu akachukua ishirini na tano. Ndivyo tulivyochagua. Leo naweza kulieleza kosa lile kwa maneno machache, kwa kuwa nimekula mkate wa kazi hiyo maisha yangu yote. Ndani ya DX mlikuwa na sehemu maalumu ya kukokotoa desimali, na ndani ya SX sehemu hiyo haimo. Kwa barua na majina, haina kazi. Lakini ukitaka kuchora ua linalochanua na kugeuka mwangani na kivuli chake, kila nukta ya picha ni desimali juu ya desimali, na prosesa isiyo na sehemu ile huzikokotoa kwa njia ya kuzunguka, kama mtu anayehesabu elfu kwa vidole. Mimi nilikusudia kuchora maua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa na programu ya kuchora vitu vinavyotembea, niliyonakili chuoni kwenye disketi, na chuoni picha moja ilinichukua dakika tano. Sikumwambia Sudi kwa sababu niliona kila kinachofanyika nyuma ya pazia ni siri, na mimi mgeni nilitaka kuwa mtunza siri kuliko wenye siri. Maua hayakuwa siri ya mtu. Hilo halikunijia hata kidogo.

Miezi ya kwanza hatukugundua kitu. Majina yalitoka vizuri, ya dhahabu juu ya zambarau, na wanawake waliyasifu. Kile kitendo cha mashine kukokotoa picha moja baada ya nyingine tulikiita kupika, na Bi Saada akipita mlangoni huuliza kama kimeiva. Kisha ikaja harusi ya nyumba moja kubwa ya Kisauni, ambayo siitaji, na bibi harusi ambaye jina lake silitaji hata sasa. Mama yake alikuja mwenyewe, akanywa kahawa, akasema anataka mwanzo ambao haujaonekana: hina ya mwanawe ijichore yenyewe kwenye kioo cha televisheni, tawi kwa tawi, hadi jina lichanue. Mimi nilikubali kabla Bi Saada hajamaliza kumeza. Niliporudi na mchoro wa kwanza, tawi likipanda juu ya kiganja, Bi Saada aliutazama sana, akauliza, "Mkono wa nani huu?" Nikasema si wa mtu, ni mkono tu. Akasema hakuna mkono tu. Kiganja kikafutwa, likabaki tawi peke yake, na kwa kweli lilipendeza zaidi.

Ugumu ulikuwa wakati. Tawi lilitakiwa kuwa la hina yenyewe, ile atakayopakwa, na hina hupakwa siku mbili kabla ya kupamba. Ijumaa hiyo nilikaa karibu na miguu ya bibi harusi na daftari langu, somo yake, yaani kungwi wake, akimtilia piko, ile rangi nyeusi, na kunikemea nisiwatie kiza, nikanakili kila jani. Jumapili akapambwa, akaingia kwenye fungate lake, na jioni hiyo hiyo mimi nikaanza kupika. Kanda ilikuwa ya kutazamwa siku fungate likiisha, Jumapili iliyofuata baada ya alasiri, wanawake wa pande zote mbili wakiwa wamealikwa. Sekunde kumi na mbili zilihitaji picha mia tatu. Kwa dakika tano kila picha, nilihesabu, itakuwa siku moja na kidogo. Picha ya kwanza ilichukua dakika arobaini. Nikadhani mashine inapasha moto. Ya pili ikachukua dakika arobaini. Nilikaa mbele yake siku nzima nikitazama mstari mmoja wa nukta ukishuka, halafu mwingine, na Bi Saada alipouliza kama kimeiva nilisema bado kidogo. Yeye hakusomea kompyuta, lakini alijua kuhesabu. Pembeni mwa kioo palikuwa na namba ya picha inayopikwa, na kila alipopita aliisoma.

Umeme ukakatika mara tatu wiki ile. Ijumaa asubuhi tulikuwa kwenye picha ya mia na ishirini. Nilikwenda kibandani kwa Sudi, nikasimama nje kama mtu anayetaka betri, nikamwuliza kwa nini kitu kimoja kichukue dakika tano chuoni na arobaini hapa. Akaniuliza ni kitu gani. Nikasema, "Ni ua." Aliweka chini chuma chake cha kulehemu. Hakunilaumu; alinieleza habari za desimali taratibu, kama daktari anayemweleza mtu ugonjwa wa mwenzake, na akamaliza kwa kusema kwamba ningalimwambia ua angalinipa ile ya ishirini na tano. Kisha akasema kule Changamwe iko ofisi moja ya mizigo yenye mashine ya DX, hufungwa Jumamosi saa saba, na yeye anashika ufunguo. Nikimletea kazi kwenye disketi, Jumapili asubuhi itakuwa tayari.

Nilirudi na mpango uliokamilika. Picha za mwisho sitini ndizo zenye jina. Hizo nitazipika hapa hapa, zitakwisha alfajiri ya Jumapili. Zilizobaki mia na ishirini ni majani na maua, hakuna mtu, hakuna jina, hakuna hata kiganja. Hizo atazipika Sudi. Bi Saada alikuwa akichambua mchele. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa, na alipojibu alijibu kwa Kimvita cha kwao, kinachoita macho mato, ambacho alikitumia alipokuwa hatanii.

"Hina hiyo ni ya mwanamke. Jina lake ni la mwanamke yuyo huyo. Sasa wewe wataka ule mkono ende kwa Sudi, jina libaki kwangu. Amana haikatwi vipande, mwanangu. Mato ya watu nimeyaona yanafanya nini."

Nikamwambia haitakwisha. Akasema isipokwisha atasimama mwenyewe mbele ya wale wanawake na kuomba radhi, anajua njia ya kuomba radhi. Nilijua anaijua. Nilimwona akilini mwangu amekaa mkekani kwa mara ya pili, kwa kosa langu mimi, lililotoka kinywani mwangu kupitia pazia, na sikuweza kulivumilia jambo hilo. Mchana huo huo nikairukisha mashine hadi zile picha sitini za mwisho, na kesho yake saa sita nikampelekea Sudi disketi. Nasema haya bila kujitetea. Nilifikiri kwa utulivu kabisa, nikaamua, nikaenda. Jumapili sikwenda kanisani; nilikwenda Changamwe, nikapokea disketi tano ndani ya bahasha ya khaki, na Sudi hakusema neno ila kwamba tawi ni zuri. Saa nane mchana picha zote mia tatu zilikuwa kwenye kanda, na Bi Saada akaingia kuzitazama. Jumamosi asubuhi alikuwa ameshasoma namba mia mbili na sabini mahali ambapo siku iliyotangulia palisomeka mia na ishirini. Sasa akaona tawi likijichora toka mwanzo hadi mwisho bila kukatika, na jina likachanua. Akasema, "Alhamdulillahi." Akafunga buibui lake, akachukua kanda, tukaenda.

Nimefanya kazi nyingi baada ya hapo, nyingine zimetazamwa na watu wasiohesabika, lakini sijapata tena kuona chumba kikinyamaza kama sebule ile ilivyonyamaza kwa sekunde kumi na mbili. Hina iliota. Mtu mmoja akapiga kigelegele, kisha wote. Mama wa bibi harusi alilia, bibi harusi akaitazama mikono yake, na yule shangazi wa ukutani, ambaye alikuwa amealikwa pia, akasogea mbele ili aone vizuri. Bi Saada alipokea pongezi zote na kila mara alinyoosha kidole kwangu. Nilikula biriani pale nikiwa na furaha na hofu kwa pamoja, na nasikitika kusema kwamba biriani ilikuwa nzuri sana.

Hakuniuliza. Siku ile hakuniuliza, wala kesho yake, wala mwezi ule. Aliniachia ufunguo kama kawaida, alinitania kuhusu mbuzi kama kawaida, na mimi kila kawaida niliigeuza nikatafuta upande wake wa chini. Baada ya wiki mbili nilikwenda Utange kwa msiba wa siku tatu, na niliporudi nikaijaribu mashine kwa picha moja ya lile tawi, nikakuta imeiva kwa dakika tano. Nilikaa nikiitazama. Bi Saada alisema tu kwamba fundi alikuja. Hakuniambia alikuja kufanya nini, wala kwa nini hakunisubiri mimi, niliyeajiriwa kwa ajili ya mashine ile. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba nimejulikana, nimehukumiwa, na hukumu yenyewe ni kwamba sitashirikishwa tena. Mtu mwenye hatia husoma hata ukimya kama barua. Tulifanya kazi pamoja hadi Desemba, kwa upole mwingi, na mwaka ulipokwisha nikapata kazi Nairobi nikaaga. Alinifungia mahamri kwenye gazeti. Sikurudi kumwona. Mwanzoni nilisema nitarudi mambo yakitulia, kisha miaka ikawa mingi mno kwa mtu kurudi bila sababu.

Basi nilipofika Kisauni juzi, hitima ilikuwa imekwisha na watu wanaondoka. Barazani alibaki mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, na alipokohoa nilimjua. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na magoti. Sudi siku hizi anauza simu. Alisema simu ndogo kabisa dukani mwake ingelipika tawi lile kabla hujamaliza kupenga kamasi, na mimi nikasema ndivyo. Pazia la kijani halipo tena, umewekwa mlango. Nikamwuliza, kwa kuwa sasa haina madhara, kama siku ile ya kwanza alinisadiki niliposema majina tu.

"Bi Kadzo, Kisauni nzima ilijua mnafanya video," akasema. "Maua pia nilikisia. Lakini mtu hawezi kujibu asiloambiwa. Ningesema nachagua ya kuchora, ingekuwa kama nimechungulia."

Kwa hivyo adabu yangu na adabu yake zilikutana kwenye pazia lile, na baina yao zikanunua prosesa mbovu. Nilicheka, naye akacheka. Kisha akaniuliza kama Bi Saada alipata kuniambia ile siku alipokwenda kibandani kwake. Nikasema hakuniambia kitu. Sudi alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Alikuja peke yake, wewe uko msibani. Akaketi, akanieleza kazi yenu yote tangu mwanzo hadi mwisho, asiache ila majina ya watu. Nikamwambia, Bi Saada, mbona haya nayajua. Akasema, 'Najua wayajua. Ulikuwa hujaambiwa.' Kisha akasema, 'Nibadilishia kile kitu, Sudi. Mwanangu amenificha yambo kwa ajili yangu, na sitaki apate sababu ya kunificha tena.' Wallahi, ndivyo alivyosema."

Kwa miaka thelathini nilikuwa nimebeba hukumu ambayo hakuna aliyeitoa. Mwanamke yule alifungua mdomo wake mbele ya mwanamume, akavunja mwiko wake mwenyewe, ili kosa langu lisiwe na haja ya kurudiwa; na mimi nilichukua mahamri yake nikaondoka kama niliyefukuzwa. Niliona haya, na nikahuzunika sana, na nilivihisi vyote viwili nikiwa nimekaa wima barazani, nikimsikiliza Sudi akieleza kwamba ile SX aliing'oa kwa bisibisi ya saa na wala haikupata mnunuzi.

Mwanaisha aliniita kutoka ndani. Nikaitika abee, nikamuaga Sudi, nikapita hadi uani. Alikuwa ameweka pipa, amelitia vifuu vya nazi na mafuta ya taa, na kanda zimepangwa kwenye makatoni matatu. Hazikuwa na majina. Bi Saada aliziandika alama alizozijua yeye tu: kikombe, samaki, mwezi. Tulizitia moja moja. Nilipofika kwenye yenye alama ya tawi dogo, Mwanaisha aliona mkono wangu umesimama. Yeye alikuwa mtoto siku ile, lakini alikuwapo, ameipigia vigelegele hina ile. Alisema kwamba mjini wapo wanaoweza kukata mwanzo peke yake, zile sekunde chache. Hamna mtu mle, ni majani tu na maua, na ni kazi yangu mimi, mama hangekataa.

"Amana haikatwi vipande," nikamwambia.

Nikaitia nzima. Tulisimama upande usio na moshi tukangoja. Haikuchukua hata dakika tano.